Crucial MX500 kwenye ThinkPad X230: diski mpya na mfumo safi kwa kazi za steshenari

Kama una ThinkPad X230, au laptopu yoyote ya rika lake ambayo bado inatumia diski ya kuzunguka, usianze kudunduliza hela ya mashine nyingine. Nunua SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya inchi 2.5, toa diski ya zamani, kisha weka mfumo endeshi mpya kuanzia sifuri. Mimi nimeweka SSD ya Crucial MX500 ya GB 500 na Linux Mint, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, na kazi zote za duka langu sasa zinapita kwenye mashine hiyo. Nasema haya nikiwa mchapaji, mtu ambaye kompyuta ikigoma asubuhi, siku hiyo hakuna mauzo.

Duka liko Ngamiani, Tanga. Nachapa tasnifu na ripoti za mafunzo kwa vitendo, barua za kuomba kazi, kadi za harusi, risala, ratiba za maulidi. Naskani vyeti vya vijana wanaotuma maombi kwenye Ajira Portal. X230 ilitoka mwaka 2012: kioo cha inchi 12.5, prosesa ya i5 ya kizazi cha 3, na yangu ina RAM ya GB 8. Kibodi yake sijaipata kwenye laptopu yoyote mpya niliyoigusa. Vitufe vina kina, vinarudi upesi, na tasnifu ya kurasa 60 haikuachi na vidole vinavyouma. Mashine ya namna hii haitupwi.

Kilichokuwa kinaichosha ni diski. Diski ya kuzunguka ina sahani na kichwa kinachokwenda huku na huko kutafuta data, na kila kutafuta kunakula milisekunde kumi na zaidi. Ukiwasha kompyuta, mfumo unaomba maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika, na kichwa kinasafiri kwa kila moja. SSD haina kichwa wala sahani. Inajibu ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo maana zile namba kubwa za MX500, MB 560 kwa sekunde kusoma na MB 510 kuandika, sizipi uzito sana. Ahueni unayoihisi inatoka kwenye zile faili ndogo ambazo huzisubiri tena. Zamani nilikuwa nabonyeza kitufe, nafagia duka, napanga karatasi za A4, narudi nakuta taa ya diski bado inawaka. Sasa Mint iko tayari kwa sekunde ishirini na kitu, na LibreOffice, programu ya ofisi ninayoandikia, inafunguka mteja akiwa bado ananieleza anachotaka.

Niliagiza Kariakoo kwa shilingi 165,000, ikaja kwa basi. Bei hiyo si ndogo. SSD ya Kingston A400 inapatikana kwa chini ya hapo, na kwa mtu wa kuangalia filamu na kuandika barua chache, A400 inamtosha. Mimi nilitaka MX500 kwanza kwa sababu ina kumbukumbu ya haraka ya DRAM ndani yake, ambayo A400 haina, na tofauti unaiona ukiwa unanakili mafaili mengi huku kazi nyingine ikiendelea. Halafu kuna dhamana: miaka 5, wakati A400 ina 3. Kikomo cha kuandika kwa hii ya GB 500 ni terabaiti 180. Ukiandika GB 20 kila siku ya Mungu, itapita zaidi ya miaka 24 kabla hujafika hapo, na steshenari yangu haiandiki hata robo ya hizo GB 20.

Ukienda dukani sema waziwazi kwamba unataka SSD ya SATA (aina ya kiunganishi) ya inchi 2.5, unene wa milimita 7. Ile nyembamba ndefu ya M.2 inayosifiwa siku hizi haina mahali pa kukaa kwenye X230, hata muuzaji akuapie. Na ikifika mkononi ikague kabla hujaiamini na kazi za watu. Diski na flashi feki zipo nyingi: nje imeandikwa GB 500, ndani kuna chache, na zikishajaa data mpya inaanza kukanyaga ya zamani bila kukuambia. Linux ina programu inayoitwa f3, inayoijaza diski data na kuisoma tena kuhakiki kama yote imo. Vilevile fungua programu ya Disks ndani ya Mint uangalie taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ya diski, hasa muda ambao diski imewahi kuwashwa. Kwa SSD mpya muda huo uwe sifuri au karibu yake. Ukikuta mamia ya saa, irudishe. Ukiona sehemu nyingine inakuandikia 466 badala ya 500, hujaibiwa. Watengenezaji wanahesabu kwa elfu, na programu nyingine zinahesabu kwa 1,024.

Kuifunga ni kazi ndogo kuliko watu wanavyoogopa. Zima, chomoa chaji, toa betri. Geuza mashine: kifuniko cha diski kiko ubavuni na kimeshikwa na skrubu moja tu. Bisibisi ya nyota inatosha. Kivute kifuniko, vuta utepe, diski inatoka ikiwa na reli mbili za mpira pembeni. Reli hizo zihamishie kwenye SSD, kwa sababu ndizo zinazoizuia isicheze ndani. Sukuma taratibu hadi usikie imekaa, rudisha kifuniko. Boksi la MX500 lina fremu nyembamba ya plastiki kwa laptopu zinazotaka unene wa milimita 9.5, X230 haiihitaji. Skrubu hamna, kebo hamna, na ningependa kampuni iweke angalau kebo ya kuhamishia data, maana si kila mtu ana pa kuiazima.

Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa amekaa pembeni akinimulikia kwa simu, aliuliza swali ambalo wengi watauliza: "Shangazi, si uhamishe tu windo yako kama ilivyo? Crucial wenyewe wanatoa programu ya Acronis ya kuhamishia."

Ni kweli wanaitoa. Nilimkatalia, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, kwa sababu watu wengi wakipata SSD wanakimbilia kunakili kila kitu kutoka diski ya zamani. Windo yangu ya zamani ilikuwa imepigwa na fundi wa mtaani miaka hiyo. Ndani yake mlikuwa na antivirasi mbili zinazogombana, programu za printa ambazo nilishaziuza, na vitu vinavyojiwasha vyenyewe asubuhi ambavyo sikuwahi kuviomba. Kubwa zaidi, hapa kwetu mtu akisema amepigiwa windo, mara nyingi amepewa nakala iliyokrakiwa. Ile programu ya kuvunja leseni kwa kawaida inataka kwanza uzime ulinzi wa kompyuta ndipo ifanye kazi. Fikiria hilo. Umezima ulinzi, umeendesha programu ya mtu usiyemjua, kisha juu ya mashine hiyohiyo unaskani kitambulisho cha NIDA cha mama wa watu, vyeti vya kuzaliwa, namba za akaunti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwapo, karatasi ya mteja ni amana. Diski yenye kasi iliyobeba mfumo mchafu inauharakisha uchafu tu. Nilichokihamisha ni nyaraka peke yake, folda kwa folda, nikitazama ninachobeba.

Kwa nini sikuweka windo mpya halali? Windows 10 ilifikia mwisho wa usaidizi wake tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na X230 haina hata kimoja. Njia za kuilazimisha zipo, lakini sitaki duka langu lisimame juu ya kitu cha kulazimishwa. Linux Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itapata masasisho ya usalama hadi 2029. Ni bure kihalali, na hilo kwangu ni jambo zito.

Faili la kuweka Mint linakaribia GB 3, kwa hiyo panga bando lako. Ukimaliza kupakua hakiki SHA256, yaani alama ya utambulisho wa faili, ilingane na ile iliyo kwenye tovuti yao, kisha liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Chomeka flashi kwenye mojawapo ya matundu ya buluu upande wa kushoto, washa huku ukigonga F12, chagua flashi. Mint inafunguka bila kugusa diski, na nafasi hiyo itumie vizuri: jaribu Wi-Fi, sauti, na hasa printa. Printa yangu ya Epson ya matangi ya wino ilitambulika papo hapo, nikachapa ukurasa wa majaribio kabla sijaamua lolote. Ukiridhika, anza kuweka. Tia tiki pale pa kodeki, yaani programu za kuchezea muziki na video, kisha chagua kufuta diski yote. Soma jina la diski kabla ya kukubali: MX500 ya GB 500 inajitambulisha kama CT500MX500SSD1. Kwa kuwa diski ya zamani iko mezani, hakuna cha thamani kinachoweza kufutwa.

Sasa kazi yenyewe. Tasnifu zinakuja kwa docx, na chuo kinataka Times New Roman saizi 12. Mint inakuja na Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo kurasa hazihami. Lakini mimi niliweka fonti zenyewe za Microsoft kupitia kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer ili msimamizi wa mwanafunzi asipate sababu ya kulalamika. LibreOffice inafungua karibu kila kinachokuja. Panapoyumba ni majalada yenye visanduku vya maandishi vilivyopangwa kwa mkono na mapambo ya pembeni: hayo yanasogea, na inabidi kuyapanga upya kabla ya kutoa PDF. Kadi za harusi zilizotengenezwa kwa Publisher nazo zinataka uvumilivu. Anayetegemea Photoshop au programu ya uhasibu ya Windows peke yake asinifuate kwenye Mint. Achukue SSD tu.

Kuna jambo lingine ningependa lipate watu wa kuliendeleza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, na LibreOffice ninayotumia leo imetokana na OpenOffice hiyohiyo. Wazee wanaokuja kuandikiwa barua za urithi wangependa kusoma kwenye skrini wakaelewa kila kitufe kinafanya nini. Kazi ile ilistahili kuendelezwa bila kukatika.

Kwa mwenye steshenari, faida ambayo peke yake ingenitosha ni kwenye flashi za wateja. Mnakijua kile kirusi cha shotikati: mwanafunzi anachomeka flashi, folda zote zimegeuka vishale, analia kazi yake imepotea. Kirusi hicho kimeandikwa kwa Windows. Kwenye Mint hakina pa kuendeshea, na mafaili halisi, ambayo kwa kawaida yamefichwa tu ndani ya folda moja, yanaonekana yakiwa yamekaa. Nayanakili, nasafisha flashi, nayarudisha. Siku hizi wanaletana: "Mama, nimeambiwa hapa flashi zinapona."

Upande wa pili wa MX500 nao usemwe. Diski ya kuzunguka ikikaribia kufa mara nyingi inagonga na kukwama, unapata dalili. SSD inaweza kukatika kimya. Na Mint kila wiki inaendesha TRIM, inayoiambia diski nafasi zipi zimeachwa wazi. Faili ulilofuta likishapitiwa na TRIM, sahau fundi wa kurudisha. Bekapu hapa si hiari. Umeme nao: Crucial wameiunda MX500 ilinde data iliyokwisha kuandikwa umeme ukikatika ghafla, lakini ukurasa ambao hujausevu haumo ndani ya ulinzi huo. LibreOffice kwa kawaida inajihifadhia kila dakika 10. Punguza ziwe 2. Na SSD haifanyi miujiza kwenye kila kitu. Kioo cha pikseli 1366 kwa 768 bado ni kidogo kwa jedwali pana la Excel, na Firefox yenye vichupo vingi bado inakula RAM ileile.

Diski ya zamani niliitia kwenye kasha la USB, na baada ya kuhakikisha kila folda imehamia SSD, niliifuta na kuifanya ya bekapu za kila Ijumaa. Ukitaka kuiuza yako, ifute kwa kuiandika juu yote, kwa sababu kufuta folda peke yake kunamwachia mnunuzi vitambulisho vya wateja wako.

Kuhusu ukubwa: anayechapa tu anatosheka na GB 250, abaki na chenji ya rimu za karatasi. Anayepiga picha za pasipoti na kutunza skani za wateja achukue GB 500 kama mimi. Zangu zimejaa chini ya nusu na sioni nitakachoijazia mwaka huu.