Mwalimu wa flamenko aliyeniambia kiuno nikiache mlangoni

Nyota mbili. Nilitaka kutoa moja, ila mpiga gitaa hana kosa.

Darasa la ngoma hii ya Kihispania liko hapa London, na mwalimu ni mama wa Jerez, kusini mwa Uhispania. Buleria, flamenko ile ya kasi na shangwe, kwao ni kama chakacha kwetu Mombasa: bibi kizee akisikia makofi, ananyanyuka. Huyu mama kacheza Madrid, katungia makundi ya watu ngoma zao, kafundisha Tokyo miaka na miaka (Wajapani na flamenko, usiwaambie kitu). Sifa zake sizikatai. Ndizo zilizonitoa pesa mfukoni.

Sasa siku yenyewe. Wiki ya tatu au ya nne, mvua, nimetoka kazini miguu inawaka. Sketi ya mazoezi sina, nikajifunga leso. Tunahesabu buleria: mapigo 12, mkazo unaangukia kwenye 12, 3, 6, 8 na 10. Ukikosa moja umepotea, na darasa zima linajua. Mimi nilikuwa nimeyapata. Wallahi nilikuwa nimeyapata! Mara fimbo ikagonga sakafu, gitaa kimya. Akanielekezea fimbo ileile nyongani, mbele ya wasichana ninaoweza kuwazaa, akasema: "Hicho kiuno kiache mlangoni, pamoja na koti."

Wakacheka.

Kiuno hiki! Kilichoshikilia harusi za mtaa mzima! Na linaloniuma zaidi, mama huyuhuyu hamalizi somo bila kumtaja Carmen Amaya, mchezaji flamenko mashuhuri wa zamani: alivyovaa suruali, alivyopiga miguu ambayo watu walisema ni ya wanaume, alivyoondoka Uhispania vita vilipoanza 1936 akaenda kuwika Buenos Aires. Basi Carmen avunje anachotaka, mimi leso tu ni nongwa?

Nikasusa. Nikaandika nirudishiwe changu, nikajibiwa kwamba masomo uliyoyakosa kwa hiari yako hayarudishwi. Kwa hiari yangu! Hapo ndipo nyota moja ilipoanguka, na bado iko chini.

Nikarudi, si kwa mapenzi, kwa uchungu wa pesa. Siku ya kufunga muhula akacheza solea, flamenko ile nzito ya polepole, peke yake. Hakuruka, hakutabasamu. Alisimama muda mrefu hadi nikadhani amesahau, kisha mkono mmoja ukaanza kupanda kama moshi wa udi, na miguu ikamjibu mpiga gitaa polepole, halafu kwa ghadhabu. Nikajikuta nafuta machozi kwa leso. Nyota nne, nikasema moyoni. Haki ya Mungu, tano.

Halafu akanifuata nikiwa navua viatu. Akasema kiuno changu kizuri, hata mabibi wa kwao wanakitikisa kwenye buleria, ila siku ile nilikiachia kwenye 7. Nikiweke kwenye 8.

Kwenye saba! Kosa lilikuwa pigo moja tu! Sasa hilo lilimshinda nini kulisema siku ile, badala ya koti na mlango? Wiki tano nimelala na hasira, na pauni zangu zimekwenda, kumbe ni suala la kuhesabu.

Nyota tatu, basi. Mbili na nusu.

Nimelipia muhula mwingine. Leso naifunga vilevile, na hii mpya nimeichagua kwa jina lake. Hajui Kiswahili, lakini wifi yangu aliposoma alishika mdomo.