Kava la godoro la kichanga: nyota nne, moja nimeibania

Hatukutaka kununua godoro jipya kwa ajili ya mtoto, maana sponji likiwa jipya ndo linatoa kemikali kwa wingi, ile harufu ya dukani ndo zenyewe zinapanda hewani, na godoro likipata joto la mwili zinazidi. Sasa kichanga analala kama masaa 16 kwa siku na pua yake iko palepale juu ya godoro, we fikiria. Basi tukachukua godoro la zamani kidogo ila bado gumu, halijabonyea, tukaagiza hili kava la polyethilini (aina ya plastiki) lenye zipu la kulifunika lote.

Kazi linafanya. Harufu imepungua sana, mkojo haupiti, na si vinili (plastiki ya PVC), vinili nyingi zinalainishwa na thaleti, kemikali zinazoweza kumdhuru mtoto, so ningekuwa nimekimbia moshi nikaingia motoni. Ila jamani msiamini pua tu, kuna kemikali hazinuki kabisa, kwa hiyo kabla ya kulifunika tulilianika godoro kivulini likapigwa upepo wa kutosha.

Nyota nimebania wapi? Kwanza linachakacha, mtoto akijigeuza tu unasikia kama mtu anafungua biskuti usiku. Pili muuzaji kabandika nembo ya CertiPUR-US (cheti cha kupima kemikali za sponji) kwenye boksi, hahaha, hiyo nembo inahusu sponji tu, na kava halina sponji hata chembe! Ukinunua kitambaa au kava tafuta cheti cha OEKO-TEX Standard 100 (kitambaa kimepimwa kemikali hatari) daraja la 1, ndo la vitu vya watoto hadi miaka 3. Godoro zima angalia cheti cha GREENGUARD Gold, wale wanapima kemikali zinazotoka kwenye godoro kwenda hewani. Maneno kama “asilia” au “haina kemikali” bila cheti ni porojo.

Kwa mnaolala na mtoto kitanda kimoja, kava halibadilishi kitu, hatari ya kukosa pumzi iko palepale. Madaktari wa watoto wa Marekani (AAP) kwenye mwongozo wao wa 2022 wanasema alale chali, kitandani kwake, chumba kimoja na nyie. Na msiongeze kigodoro laini juu eti kuzuia kemikali, hapo mnajitafutia balaa kubwa zaidi.

Kabla ya kununua pimeni saizi vizuri, likikunjana pembeni rudisheni. Zipu ikigoma isugueni na mshumaa.