Bima na sevisi ya gari bila kupigwa: kipi ukilipie, kipi ukiache

Hela ya gari huvuja siku mbili: siku bima inapoisha na siku gari linapoingia gereji. Siku zote mbili mwenye gari hubishania jumla ya chini kabisa ya karatasi, wakati kilichompandishia bei kimeandikwa mistari michache juu yake. Kwenye bima ni thamani ya gari. Kwenye sevisi ni lita, kilomita na namba za spea.

Hesabu zote hapa ni za gari binafsi, Tanzania Bara.

Bima: bishania thamani, siyo bei

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imeweka kiwango cha chini. Bima kubwa, ile inayolipia na gari lako, huanzia 3.5% ya thamani ya gari, halafu juu yake VAT ya 18%. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ni shilingi 100,000 na VAT yake, jumla 118,000. Kwa hiyo kuzunguka kampuni sita ukiomba upunguziwe asilimia ni kuchosha miguu. Anayekuuzia chini ya hapo kwa kificho mwogope kuliko anayekuuzia ghali, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa hiyo bima haimo kwenye mfumo wa TIRA kabisa.

Kinachoshuka ni thamani, na haishuki yenyewe. Wakala anakutumia ujumbe kwamba bima inaisha Ijumaa, lipia kama mwaka jana. Mwaka jana gari liliandikwa milioni 16. Leo sokoni ni la milioni 11. Ukilipa kama mwaka jana unatoa 560,000 na VAT, yaani 660,800. Kwa thamani ya leo ungetoa 454,300. Hiyo tofauti ya 206,500 hainunui kitu. Gari likiteketea, kampuni itamtuma mthamini wake na utalipwa bei ya sokoni ya siku ile, milioni 11 kasoro eksesi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe.

Wajanja hukimbilia upande wa pili, gari la milioni 12 wakaliandika milioni 9. Hapo umeokoa 123,900. Siku ukigongwa na matengenezo yakawa milioni 4, kampuni inasema uliweka bima robo tatu ya gari, basi nasi tunalipa robo tatu ya hasara. Unapata milioni 3 kabla ya kukatwa eksesi, na milioni moja unaitoa mfukoni.

Thamani ya haki hupatikana hivi. Tafuta matangazo matano ya gari kama lako mtandaoni: mwaka uleule, injini ileile, usajili unaokaribiana. Tupa la bei ya juu kabisa na la chini kabisa, chukua wastani wa matatu yaliyobaki, kisha punguza kama 5% hadi 10%, maana bei ya tangazo siyo bei ambayo watu wanashikana nayo mikono. Piga picha za skrini, mtumie wakala, mwambie gari liandikwe hivyo. Fanya haya wiki tatu kabla ya bima kuisha. Ukingoja siku ya mwisho huna muda wa kubishana, na ukipitisha hata siku moja bila bima uko barabarani kinyume cha sheria.

Tukipanga kuanzia chaguo zuri hadi baya:

1. Bima kubwa yenye thamani ya leo. Ni ya gari ambalo likipotea leo huwezi kununua jingine mwezi ujao. Kama gari lina mkopo wa benki, hutakuwa na hiari.

2. Mtu wa tatu, moto na wizi. Mawakala huitaja mara chache, lakini ndiyo inayofaa gari la umri mkubwa linalolala nje. Haikutengenezei bampa uliyogonga ukutani, ila gari likiibwa au kuungua hutabaki mikono mitupu.

3. Bima ndogo peke yake. Inamlipa uliyemgonga, gari lako ni juu yako. Kwa gari la milioni 12, tofauti yake na bima kubwa ni 377,600 kwa mwaka. Ukiichagua, hiyo tofauti iweke pembeni kweli, isiishie kwenye mafuta.

4. Bima kubwa yenye thamani ya mwaka jana. Ya mwisho kwenye orodha, na ndiyo watu wengi waliyonayo.

Kwa asilimia tupu, gari la milioni 5 lingepata bima kubwa kwa 206,500. Usikimbilie. Kampuni nyingi zina ada ya chini kabisa au ukomo wa umri wa gari, na eksesi inaweza kumeza karibu kila dai dogo. Uliza hayo matatu kabla ya kufurahi.

Kwa kuwa bei zinafanana, kampuni zinatofautiana ndani ya karatasi. Anza na eksesi. Tuseme moja inakata 5% ya dai, isiyopungua 250,000, na nyingine 10%, isiyopungua 500,000. Uharibifu wa 1,200,000 unakupa 950,000 kwa ya kwanza na 700,000 kwa ya pili, ilhali ulilipa ada ileile. Kisha tazama ukomo wa kioo cha mbele, gharama ya kuvuta gari, kiasi wanachomlipa mtu wa tatu kwa mali yake (ukigonga gari la bei mbaya, kinachozidi ukomo ni chako), na kama unaruhusiwa kupeleka gari gereji unayoiamini.

Mstari wa matumizi usiuruke. Gari likiandikwa binafsi halafu jioni linabeba abiria wa Bolt au Uber, siku ya ajali dai linaweza kukataliwa lote. Umelipa mwaka mzima na hukuwa na kitu. Kadi ya njano ya COMESA, bima ya mtu wa tatu inayokubalika nchi nyingine za mpango huo, nayo inunue kama unavuka mpaka tu, na kwa siku unazokaa huko. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango wa kadi hiyo, ndiyo maana bado inauzwa hapa.

Kabla ya kupeleka dai dogo, piga hesabu. Kama uharibifu ni 350,000 na eksesi ni 250,000, unagombania laki moja, na huenda ukapoteza punguzo la kutodai. Ukihama kampuni, omba barua inayothibitisha miaka uliyokaa bila dai. Bila barua hiyo unahesabika mgeni.

Lipa kwa akaunti au namba ya malipo ya kampuni yenyewe, siyo kwa namba ya simu ya wakala. Kamisheni yake anapewa na kampuni, hakuna "ya usumbufu". Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TIRAMIS, mfumo wa TIRA wa kuhakiki bima, palepale, usome vitu vitatu: tarehe, jina la kampuni, na aina ya bima. Wapo waliolipia kubwa na mfumo unasoma ndogo, na wengi wao hugundua siku wanayodai.

Sevisi: lita, kilomita, namba

Mfano ni Toyota IST ya injini ya 1.5, ile 1NZ-FE, kwa kuwa imejaa mitaani.

Injini hiyo inakunywa oili lita 3.7 ukibadilisha na filta. Kopo moja la lita 4 linatosha na linabaki kidogo. Risiti ikisema lita 5, kuna lita umelipia na haikuingia, au imeingia na imezidi. Kuzidisha siyo hisani: oili ikifika kwenye krankishafti, mhimili unaozunguka chini ya injini, inapigwa povu, na povu halilainishi kitu. Subiri dakika tano injini ikiwa imezimwa, vuta kijiti. Oili ikae kati ya alama mbili.

Kilomita ndipo watu wanapopigwa kimyakimya. Kibandiko cha "rudi baada ya 3,000" hakikutoka kwa mtengenezaji. Kwa soko la Japani, Toyota huelekeza 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na turbo, na nusu yake, 7,500 au miezi 6, kwa mazingira magumu. Foleni ya Ubungo na vumbi ni mazingira magumu. Kwa oili ya kawaida ya hapa 5,000 inatosha. Kwa sintetiki halisi 7,500 haina hofu. Anayetembea 15,000 kwa mwaka, kibandiko kile kinamrudisha gereji mara tano. Kwa 5,000 angekwenda mara tatu, kwa 7,500 mara mbili.

Mahali pa kufanyia, kuanzia panapofaa zaidi kwa gari la namna hii:

1. Unanunua spea mwenyewe, fundi unamlipa ufundi tu. Kariakoo upande wa Gerezani kuna kila kitu. Nenda na filta ya zamani au namba yake. Ya 1NZ ni 90915-10001. Oili inunue kituo cha mafuta cha kampuni yenye nembo ya oili hiyo au kwa wakala wake, na kifuniko kikatike mkononi mwako. Ukimaliza, toboa kopo. Kopo zima lenye nembo ni mali kwa wanaojaza oili iliyotumika.

2. Gereji binafsi yenye mashine ya kupimia na inayotoa risiti ya EFD. Utalipia spea zaidi kidogo, lakini una pa kurudi kazi ikiharibika. Omba orodha ya bei kabla gari halijapanda jeki.

3. Gereji ya wakala wa kampuni iliyotengeneza gari. Kwa gari lililo kwenye waranti, haiburidi au dizeli mpya, hii ndiyo ya kwanza. Kwa IST unalipia sakafu inayong'aa.

4. Kituo cha mafuta au kuoshea magari. Oili na filta, basi. Wakianza kukuambia habari za gia boksi, washa gari.

5. Fundi anayeleta spea mwenyewe na kukupa jumla moja. Hata akiwa mwaminifu, huna namna ya kujua ulilipia nini.

Popote uendapo, spea ya zamani irudi kwako ndani ya boksi la mpya. Ombi hilo dogo linazuia wizi mwingi kuliko kukaa kwenye benchi ukitazama, kwa sababu kusema "nimebadilisha" hakuwezekani tena.

Sasa vitu vinavyoongezwa kwenye bili.

"Timing belt imekwisha." 1NZ-FE haina mkanda huo wa kuoanisha valvu na pistoni, ina cheni. Mkanda wa nje wa jenereta upo na huisha, lakini ni kazi ndogo na ya bei tofauti kabisa.

"Tusafishe injini kwa dawa." Kwa injini iliyochelewa sevisi, dawa hubandua tope lote kwa mara moja, likaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Kama ndani ni pachafu, badilisha oili mara mbili kwa kilomita chache.

"Gia boksi tuifulashi kwa mashine." IST ya gia nne inatumia ATF, oili ya gia boksi ya otomatiki, ya Type T-IV. Kumwaga kwa nati ya chini kunatoa karibu lita 3, na hizo ndizo zinazorudishwa. Rudia baada ya wiki chache. Kuisukuma yote kwa presha kwenye gia boksi chakavu mara nyingi huishia na gia zinazoteleza. Na gari la CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, lisiguswe na ATF kabisa. Nissan zinataka NS-2 au NS-3, kadiri kijiti au kitabu kinavyosema. Fundi akikwambia "zote ni oili tu", ondoa gari.

"Plagi mpya." Za kawaida, sawa, kila 20,000 hivi. Za iridiamu hufika 100,000. Ukiuziwa iridiamu kila mwaka, wewe ndiye plagi.

"Brekipedi zimekwisha." Mpya ina unene wa kama milimita 10. Ikiwa chini ya 3, badilisha. Ikiwa 6, unaharakishwa.

Taa ya injini ikiwaka, usinunue jibu, nunua namba ya kosa inayosomwa kwa mashine. Ikisoma P0301, silinda ya kwanza haichomi vizuri. Mwambie fundi ahamishe koili (inayoipa plagi umeme) ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, futa msimbo, endesha. Ikirudi P0302, koili ni mbovu, nunua moja. Ikibaki P0301, koili ni nzima. Sogea kwenye plagi, kisha nozeli ya mafuta. Kazi ya dakika kumi, na ndiyo inayotofautisha kununua koili moja na kuuziwa nne.

Makosa ya kazi yenyewe ni machache lakini ghali. Nati ya kumwagia oili hukazwa kupita kiasi, uzi wa sampu, bakuli la oili chini ya injini, ukaliwa. Ringi ndogo ya nati hiyo iwe mpya kila mara. Filta inakazwa kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa. Na hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini, maana mipira miwili ikikutana oili yote inaweza kutoka ukiwa barabarani.

Usiku wa sevisi tandika boksi la karatasi chini ya gari. Asubuhi soma rangi. Kahawia au nyeusi ni oili ya injini. Nyekundu yenye utelezi ni ATF. Waridi au kijani ni kulanti. Na kama jana uliwasha AC, maji masafi upande wa abiria yametoka huko. Hayo hayana fundi.