Huduma ya WHO kwenye WhatsApp wakati wa korona: tathmini ya mtumiaji wa Mombasa

Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Machi 13, 2020, kundi letu la familia kwenye WhatsApp lilikuwa limekwisha kujaa sauti za watu tusiowajua, wakiapa kwamba kitunguu saumu kikichemshwa na tangawizi huua virusi vikiwa bado kooni. Wiki moja baadaye, Machi 20, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua huduma yake katika mtandao huohuo, kwa ushirikiano na Praekelt.org, shirika lisilo la faida la Afrika Kusini.

Ulihifadhi namba, ukatuma salamu, ukaletewa orodha ya kuchagua: takwimu, namna ya kujikinga, maswali, uzushi, safari. Hapakuwa na programu mpya ya kupakua wala tovuti nzito ya kumaliza bando, na hilo ni jambo kubwa kwa watu wa kipato chetu.

Kilichonigusa zaidi ni lugha ya WHO katika kujibu uzushi. Hawakukibeza kitunguu saumu. Walisema ni chakula chenye manufaa, ila hakuna ushahidi kwamba kimemkinga mtu na ugonjwa huu. Nilipomfasiria shangazi maneno hayo jikoni kwake, Mji wa Kale, hakuona kwamba namvunjia heshima. Sufuria yake iliendelea kuchemka, lakini jioni ileile aliweka mlangoni dumu lenye bomba na kipande cha sabuni, na hakuna mjukuu aliyeingia ndani bila kunawa.

Hata hivyo ilibidi nifasiri, na hapo ndipo penye upungufu. Huduma ilianza kwa Kiingereza, kwa maandishi, tena ikingoja kuulizwa, ilhali uzushi ulitujia wenyewe, kwa sauti na kwa Kiswahili chetu. Mwezi Aprili WhatsApp iliamua kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi utumwe kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Niliunga mkono hatua hiyo, ingawa haikumpa jibu asiyesoma Kiingereza.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kwa majibu ya sauti, kwa Kiswahili, kama yale aliyoyarekodi shangazi mwenyewe kuhusu kunawa mikono, nikiwa nimemshikia simu, akayatuma kwa kina mama wenzake wa chama. Siku chache baadaye rafiki yangu wa Lamu, asiyemjua shangazi kabisa, aliniletea sauti hiyohiyo akinisihi niisikilize.