Shokapu za oili au chesisi ngumu: kipi kitangulie kwenye Tamiya TT-02?

Habari zenu wadau wa magari ya rimoti, karibuni mezani. Leo gari lililo mbele yangu ni Tamiya TT-02, na pembeni yake nimeweka vitu viwili mnavyoniuliza kila mara kwenye maoni. Cha kwanza ni shokapu za oili aina ya CVA, zinazotengenezwa na Tamiya wenyewe. Cha pili ni chesisi ya alumini ya mtengenezaji mwingine, inayouzwa mtandaoni kwa ajili ya gari hili hili. Mtu ana hela ya kitu kimoja tu. Anunue kipi?

Anunue shokapu. Sitawazungusha. Ila msiondoke bado, maana ukielewa kwa nini shokapu zinatangulia, utajua pia ni lini chesisi ngumu itakufaa na ni lini itakuharibia gari.

TT-02 lilitoka mwaka 2013 kuchukua nafasi ya TT-01. Ni gari la skeli ya 1/10, linavuta kwa magurudumu yote manne kupitia shafti moja inayopita katikati, betri upande mmoja wa shafti, mota upande wa pili. Chesisi yake ni plastiki, imetolewa kwenye moldi pamoja na kuta zake za pembeni. Kwa anayeanza, mimi nalipenda sana: ni imara, na vipuri vyake vinapatikana kirahisi.

Sasa tazama hapa, nasogeza kamera. Hii ndiyo shokapu inayokuja ndani ya boksi la toleo la kawaida. Naibonyeza, naiachia. Umesikia? Tak! Imerudi yote kwa mkupuo. Ndani hamna oili, kuna springi na fimbo inayosugua plastiki, basi. Kinachoizuia springi ni msuguano peke yake, na msuguano haubadiliki sana kwa kasi: sukuma taratibu au gonga kwa nguvu, ukinzani ni karibu uleule. Oili haiko hivyo. Ukiisukuma taratibu inapita kwenye matundu ya pistoni bila kelele, ukiigonga kwa kasi inakaza. Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka, kwa sababu gari linapoinama kwenye kona shokapu inatembea polepole, na linapokanyaga kokoto inatembea haraka. Gari lenye shokapu kavu hudundadunda kwenye lami mbovu, na tairi iliyo hewani haishiki chochote, hata uwe umenunua tairi ghali namna gani.

Matoleo ya juu kama TT-02 Type-S huja na shokapu za oili tayari, kwa hiyo soma boksi kabla ya kulipa.

Haya, tujaze moja pamoja, maana hapa ndipo shokapu nzuri nyingi huharibikia. Naanza kwa kuzipaka oringi, yaani vile vipete vya mpira vinavyozuia oili isivuje, oili ya shokapu kabla ya kupitisha fimbo. Fimbo ina ncha yenye nyuzi za skrubu, na nyuzi hizo zikipita kwenye oringi kavu huichana. Mchano huo huuoni kwa macho, ila kesho utakuta shokapu inavuja. Fimbo imepita, pistoni nimeishusha mpaka chini. Namimina oili mpaka karibu na ukingo. Sasa napandisha pistoni na kuishusha, taratibu, bila kuitoa nje ya oili. Sogea uone: mapovu yanapanda, madogo madogo, yanatoka chini ya pistoni. Hayo ndiyo adui. Hewa inabonyea, oili haibonyei, kwa hiyo povu likibaki ndani kuna sehemu ya mwendo wa fimbo ambayo shokapu haifanyi kazi kabisa. Naisimamisha wima na kuiacha ipumue mpaka uso wa oili utulie. Usiwe na haraka hapa.

Mapovu yameisha. Naweka kifuniko laini cha mpira juu, oili kidogo inamwagika pembeni, nafuta kwa kitambaa, nafunga kofia. Kisha nasukuma fimbo ndani yote na kuiachia. Angalia inavyorudi. Hii imetoka kidogo tu, ikasimama. Nachukua ya pili, ya gurudumu la mwenzake, naisukuma vilevile. Zinarudi sawasawa? Ndicho ninachotaka. Kama moja inatoka robo na nyingine inatoka nusu, gari lako litakata kona ya kulia tofauti na ya kushoto, na utahangaika na trimu ya rimoti ukidhani tatizo ni sevo, ile mota ndogo inayogeuza magurudumu. Pima urefu pia kwa vernia, kutoka tundu la juu hadi tundu la chini. Shokapu za mbele zilingane zenyewe kwa zenyewe, na za nyuma hivyohivyo.

Tuje kwenye namba za oili, maana zinawachanganya watu wengi. Kuna chupa zilizoandikwa wt, kifupi cha “weight”, na kuna zilizoandikwa cSt, yaani sentistoki. Namba ya wt haifanani kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo 35 ya huyu si lazima iwe 35 ya yule. Ya cSt ni kipimo halisi cha mnato wa oili, yaani inavyokuwa nzito kutiririka, kwa hiyo fuata hiyo. Kwa chupa za Team Associated, kwa mfano, wt 30 ni cSt 350, wt 35 ni cSt 425 na wt 40 ni cSt 500. Tamiya wana mpangilio wao wa namba na rangi: 400 ni ya njano, 500 ya kijani, 600 ya bluu. Kwa TT-02 lenye mota ya kawaida kwenye lami, mimi naanzia 400 kote, mbele na nyuma, halafu nasikiliza gari linasemaje.

Na joto usilisahau. Oili ya silikoni huwa nyepesi inapopata moto. Lami ya Dar saa saba mchana na lami ileile saa kumi na mbili jioni ni viwanja viwili tofauti. Mchana napandisha hatua moja. Mdau wa Nairobi, huko juu kwenye baridi, ukinakili namba zangu kama zilivyo utapata gari zito kuitikia.

Ndani ya pakiti ya CVA kuna pistoni zenye tundu moja, mawili na matatu. Unaweza kupata ulaini unaofanana mkononi kwa oili nzito na matundu mengi, au kwa oili nyepesi na matundu machache. Mkononi zitafanana, barabarani hazifanani. Matundu yakiwa machache, shokapu ikigongwa ghafla oili inashindwa kupita kwa wakati na pistoni inakwama kwa sekunde ndogo sana. Kwenye uwanja wa ndani uliotandikwa kapeti laini hiyo inasaidia, gari linakuwa kali kuitikia usukani. Kwenye maegesho yenye viraka inarusha gari. Kwa lami zetu, chukua matundu matatu na oili nzito kidogo.

Sasa chesisi. Shika gari mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, bila bodi, na usokote kama unayekamua nguo. Unaona? Linakubali. Hii plastiki inajisokota na kurudi, na kila kinachojisokota na kurudi ni springi. Kwa hiyo gari lina springi nne mlizonunua na ya tano ambayo hamkuinunua. Zile nne zina shokapu za kuzituliza. Hii ya tano haina.

Nisikilizeni kwa makini hapa, maana ndiyo sababu nzima ya video hii. Gari likiingia kona, uzito unahamia magurudumu ya nje. Jumla ya uzito unaohama inatokana na uzito wa gari, kimo cha kitovu cha uzito, upana wa gari na jinsi unavyoikata kona. Springi haibadilishi jumla hiyo. Springi inaamua mgao: kiasi gani kiende mbele, kiasi gani kiende nyuma. Ukiweka springi ngumu mbele, tairi ya mbele ya nje inabeba zaidi, mbele inapoteza mshiko, nyuma inatulia. Lakini habari ya mbele inaifikiaje nyuma? Kupitia chesisi tu, hakuna njia nyingine. Chesisi ikinepa sana, unabadilisha springi za mbele na nyuma haisikii vizuri. Ndiyo maana mtu ananiandikia kwamba amejaribu springi za kila rangi na haoni tofauti. Springi zake nzima. Ujumbe unapotelea katikati.

Je, si ndiyo sababu ya kununua hii ya alumini? Subiri. Nimeifunga kwenye gari la pili, nikalisokota, halikunepa hata kidogo. Nikalipeleka kwenye uwanja uleule wa lami ninaotumia siku zote. Usukani ulikuwa mkali, hilo nalikubali, kila ninachobadilisha kwenye springi nakiona mara moja. Lakini kwenye viraka gurudumu moja la ndani lilikuwa linanyanyuka, na nyuma ikichomoka inachomoka bila taarifa. Lami isiyo sawa inataka kila gurudumu lifuate njia yake, na chesisi inayonepa kidogo inalisaidia hilo. Kwa uwanja kama huu, plastiki ilinipa mizunguko inayofanana zaidi. Kwenye kapeti, ambako mshiko ni mkubwa na uso ni tambarare, ningesema kinyume.

Hata mafundi wa mashindano makubwa hawana jibu moja. XRAY wa Slovakia, kwa magari yao ya T4, wameuza chesisi za kaboni na za alumini pia, ili dereva achague kulingana na uwanja. Alumini ni nzito kuliko kaboni, na uzito huo ukikaa chini kabisa unashusha kitovu cha uzito, jambo zuri kwenye kapeti ambako gari hupenda kupinduka kwa mshiko mwingi. Mwaka 2018 mashindano ya dunia ya IFMAR, shirikisho la dunia la mbio za magari ya rimoti, kwa magari ya daraja hili yalifanyika Welkom, Afrika Kusini, nje na kwenye lami, na Bruno Coelho wa Ureno akatwaa ubingwa kwa XRAY. Mafundi wa mashindano wakitaka chesisi inepe zaidi au kidogo hawanunui nyingine. Gari lao lina ubao wa juu unaoshikiliwa na skrubu, wanatoa mbili hapa, wanarudisha moja pale, wanaingia tena uwanjani. Nawapenda kwa hilo.

TT-02 halina ubao wa kuchezea hivyo, ila kuna jambo moja unaweza kulifanya leo bila senti. Weka gari juu ya kioo au kipande cha marumaru kilichonyooka, betri ndani, bodi nje. Weka ncha ya bisibisi katikati kabisa ya bampa la mbele, kwa chini, na unyanyue taratibu sana. Angalia magurudumu. Yote mawili yanatakiwa kuachia kioo kwa wakati mmoja. Tazama la kwangu: la kushoto limetangulia. Hapa watu wengi wanakimbilia kusema chesisi imepinda. Kwanza nakagua vibanio vya plastiki juu ya springi, vile vinavyoongeza mkazo. Havina unene mmoja, na ukichanganya kulia na kushoto unapata hiki hiki. Natoa hiki, naweka chenye unene sawa na mwenzake. Nanyanyua tena. Sawa, sasa yanaachia pamoja. Fanya vivyo hivyo nyuma.

Kama vibanio viko sawa na bado gurudumu moja linatangulia, legeza skrubu zinazoshika nyumba za gia mbele na nyuma, kandamiza chesisi juu ya kioo, halafu kaza kwa kuruka pembe, kidogo kidogo. Skrubu za TT-02 zinauma kwenye plastiki moja kwa moja, kwa hiyo bisibisi ya umeme iache kabatini. Uzi wa plastiki ukiisha, umeisha.

Hukumu yangu kwa bidhaa hizi mbili. CVA: nunua, jaza kwa utulivu, pistoni ya matundu matatu, oili ya 400 au 500 kufuatana na joto la kwenu. Mwili wake ni plastiki, na marekebisho ya mkazo ni kwa vibanio badala ya kola ya kuzungusha, hiyo ndiyo kasoro yake pekee inayonisumbua. Chesisi ya alumini: imetengenezwa vizuri, matundu yote yamekaa mahali pake, lakini kwa anayekimbizia kwenye maegesho simshauri. Kwa mdau aliyeko Ulaya au Ghuba mwenye ukumbi wa kapeti, ndiyo, ila baada ya shokapu, na uwe tayari kuanza upya na springi laini.

Wenye kapeti, niandikieni chini mnatumia oili ya cSt ngapi nyuma. Wiki ijayo nafungua difu za gari hili hili, na hizi CVA zitakuwa zimeshakimbia vya kutosha kuona kama oringi zinashika.