NanoVNA: kipimo cha kwanza kwa mhandisi chipukizi wa redio

Mhitimu wa mawasiliano ya redio hutoka chuoni akiijua chati ya Smith, mduara unaoonyesha impedansi ya antena au saketi, kwenye karatasi tu. NanoVNA, kipimo kidogo cha mkononi kinachotuma mawimbi ya redio kwenye antena au saketi na kupima yanayorudi na yanayopita, inamwekea chati hiyo kiganjani, nukta ikizunguka kila anapogusa waya. Kwa anayeanza kazi hii, hakuna chombo kingine cha ukubwa huo kinachofundisha mengi kiasi hicho.

Matoleo ya kuzingatia ni mawili. NanoVNA-H ina kioo cha inchi 2.8 na matoleo yake ya awali yanapima kuanzia 50 kHz hadi 900 MHz. H4 ina kioo cha inchi 4 na inafika 1.5 GHz. Zote zinapima S11 (mawimbi yanayorudi kutoka kwenye kifaa) na S21 (yanayopita hadi mlango wa pili) peke yake. Ukitaka S22 na S12, yaani vipimo hivyo hivyo kutoka upande wa pili, geuza kifaa unachokipima, mlango wa kutokea uwe wa kuingilia.

Kazi yote imesimama juu ya kalibresheni, yaani kusahihisha kipimo kwa vipande vinavyojulikana, na wengi wanaolalamika kwamba kipimo hiki kinadanganya wameiruka. Weka kwanza masafa unayoyataka, tuseme START 140 MHz na STOP 150 MHz. Ingia CAL, bonyeza RESET, kisha CALIBRATE. Funga OPEN (ncha wazi), SHORT (ncha yenye shoti) na LOAD (mzigo wa omu 50) moja baada ya nyingine, ukibonyeza kitufe cha kila moja na kusubiri mstari utulie. Fuata na ISOLN (utengano wa milango), halafu THRU kwa kuunganisha milango miwili, bonyeza DONE na uhifadhi. Kilichohifadhiwa kwenye nafasi 0 ndicho kinachofunguka ukiwasha. Fanya kalibresheni kwenye ncha ya kebo utakayoitumia, si kwenye mlango wa kipimo. Vinginevyo unapima kebo pamoja na antena. Na ukibadilisha masafa, rudia upya: mashine itakisia thamani za katikati, na makisio hayo hayafai kuaminiwa.

Zoezi la kwanza lisiwe antena. Chukua mita 1 ya kebo ya RG-58, acha ncha yake wazi, pima S11 kutoka 10 hadi 100 MHz. Kasi ya wimbi ndani ya kebo hiyo ni 0.66 ya mwendo wa mwanga, kwa hiyo robo ya wimbi inatimia karibu na 49.5 MHz. Hapo utaona nukta iliyoanzia kulia kwa chati, upande wa ncha wazi, imezunguka chini mpaka kushoto kabisa, kana kwamba ncha imefungwa shoti. Aliyeliona hilo kwa macho halisahau.

Baada ya hapo, antena ya robo wimbi ya 145 MHz: waya wa sentimita 49 hivi, na waya nne za ardhini. S11 ya −10 dB ni SWR (uwiano wa mawimbi yaliyosimama, 1 ikiwa bora kabisa) ya karibu 1.9, −14 dB ni 1.5, −20 dB ni 1.2. Sasa telezesha mkono juu ya kebo. Bonde la mstari wa S11 likihama, mkondo unapita nje ya kebo, na kebo yenyewe imegeuka sehemu ya antena. Vika pete za feraiti karibu na antena mpaka mkono usibadilishe kitu, ndipo uanze kukata waya.

Udhaifu wake uko wazi. Chipu ya Si5351 inatoa mawimbi hadi 300 MHz. Juu ya hapo kipimo kinategemea hamoniki, mawimbi ya masafa yaliyozidishwa, ambazo ni dhaifu zaidi. Chini ya 300 MHz unapata nafasi ya takriban 70 dB kati ya ishara kubwa na ndogo inayosomeka, juu yake inashuka kuelekea 50, kwa hiyo usitumie S21 kuthibitisha kichujio kinachozuia kwa 70 dB kwenye 600 MHz. Tatizo la pili ni uchache wa nukta za kipimo, kwa kawaida 101: ukipima 50 kHz hadi 900 MHz kwa nukta hizo, kila hatua ni karibu 9 MHz, na kichujio chembamba cha kristali kinapotea katikati. Bana masafa, au tumia programu ya NanoVNA-Saver kwenye kompyuta igawe kipimo vipande vipande. Faili za vipimo za .s1p na .s2p inazotoa husomwa na scikit-rf, maktaba ya lugha ya programu ya Python, na ujuzi huo unahamia moja kwa moja kwenye mashine kubwa za maabara.

Kinachoiua ni nguvu. Redio ya mkononi ya wati 5 ikibonyezwa kwenye mlango, kazi imeisha. Antena ya nje nayo hukusanya chaji, kwa hiyo gusisha pini ya kati na ganda la kebo kabla ya kuunganisha. Unapopima amplifaya ya 20 dB, weka kipunguza nguvu cha 30 dB mbele ya mlango wa pili.

Konekta za SMA, viunganishi vidogo vya skrubu vya milango yake, huchakaa kwa kuzungushwa vibaya: zungusha nati, mwili wa konekta utulie. Acha adapta ya kudumu kwenye kila mlango, ili iharibike hiyo badala ya iliyochomelewa kwenye bodi.

Ukinunua, chagua H4 kwa ajili ya kioo. Vitufe vya kioo cha inchi 2.8 vinachosha kidole. Fungua ganda uone kama vifuniko vya chuma vipo juu ya saketi za redio. Nakala zisizo navyo huvujisha mawimbi kati ya milango, na S21 yake haifai. Angalia pia kwamba OPEN, SHORT na LOAD zimo kwenye boksi, na kwa multimita LOAD isomeke karibu sana na omu 50.