Jumanne ya mazoezi Augusta, pamoja na mtu aliyewahi kuwa kedi

Nimeishi Atlanta miaka tisa na kila Aprili huwa naangalia kwenye runinga Masters, mashindano makubwa ya gofu yanayochezwa Augusta. Mwaka 2025 bahati nasibu ya tiketi ikaniangukia: tiketi mbili za siku ya mazoezi, Jumanne Aprili 8, dola 100 kila moja. Nilimchukua baba mdogo. Ujanani alikuwa kedi Nairobi, akibeba mifuko ya gofu kuanzia alfajiri, na tangu nilipomwambia tiketi zimepatikana hatukuzungumza jambo jingine nyumbani.

Kwanza nilitaka tulale huko. Hoteli moja ya kando ya barabara kuu ilinitajia bei mara tatu ya ile niliyoiona mwezi mmoja kabla, nikaachana nayo. Tukaondoka usiku wa manane na kidogo, mwendo wa saa mbili na nusu kwa barabara ya I-20. Maegesho ya watazamaji ni bure. Jumatatu yake mvua na radi zilikuwa zimefanya watu watolewe uwanjani kabla ya adhuhuri, kwa hiyo tulikuta ardhi bado imelowa. Vaeni viatu vya kutembelea matopeni. Baba mdogo alivaa buti zake za zamani na ndiye aliyetembea kwa raha.

Simu haiingii. Iache kwenye gari na usijaribu ujanja. Kamera ya kawaida inaruhusiwa siku za mazoezi, Jumatatu hadi Jumatano, lakini kuanzia Alhamisi mashindano yakianza nayo ni marufuku. Mle ndani kuna simu za mezani ambazo watazamaji hupiga bila malipo, kwa hiyo andika namba muhimu kwenye karatasi. Baba mdogo hakuhitaji karatasi. Alisimama na mkonga sikioni, akabonyeza namba ya nyumbani kwa kichwa, akaongea na shangazi kwa sauti ya mtu anayepiga kutoka mbali sana.

Jambo ambalo runinga imenificha miaka yote ni mlima. Kutoka jengo la klabu hadi kule chini kwenye kijito cha Rae's Creek unateremka karibu mita 50, na kurudi ni kupanda. Shimo la 10 peke yake, yaani sehemu nzima ya uwanja tangu mpira unapoanza kupigwa hadi kwenye kibendera, ni mteremko wa kushika magoti. Kama unakwenda na mzee, panga safari moja tu ya kushuka, mkae huko chini, mpande jioni taratibu.

Sasa nieleze kwa nini naipenda siku ya mazoezi. Siku ya Jumapili, mashindano yakifika mwisho, unaona mtu anapiga mkwaju mmoja na kuondoka. Siku ya mazoezi unamwona akijifunza. Tulikaa muda mrefu kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye kibendera, ya shimo la 14, ambalo ndilo pekee kwenye uwanja mzima lisilo na bunka (kisima cha mchanga) hata moja; mawimbi ya grini yake yanatosha kumwadhibu mtu. Mchezaji alifika, akaupuuza kabisa mpira uliokuwa karibu na kibendera. Kedi wake akatoa kisahani cheupe, kama kifuniko cha mtungi, akakiweka kwenye kona ambako shimo linaweza kuwekwa siku ya mashindano. Wakaanza: mpira mmoja kutoka juu, mmoja kutoka kando, mmoja kutoka kwenye nyasi nje ya grini. Ule wa juu uliguswa kwa upole mno, lakini ukapita kisahani, ukaongeza kasi, ukatoka kabisa nje ya grini. Hakuna aliyeshangaa. Kedi akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akarudi kusimama katikati ya njia ya mpira, akatanua miguu na kutulia.

"Mwanangu, angalia miguu yake," baba mdogo akaninong'oneza. "Anasoma mteremko kwa nyayo. Sisi tulifanya hivyo, na hakuna aliyetufundisha."

Kuanzia hapo sikuwaangalia wachezaji tena, niliwaangalia makedi. Wote huvaa ovaroli nyeupe, na namba 1 hupewa kedi wa bingwa mtetezi. Mwaka ule alikuwa wa Scottie Scheffler. Nilimsimulia baba mdogo kwamba hadi mwaka 1982 mchezaji alilazimika kuchukua kedi wa klabu, na makedi hao walikuwa Waamerika Weusi. Mmoja wao, Carl Jackson, alimwongoza Ben Crenshaw kushinda mwaka 1984 na tena 1995. Mchezaji Mweusi wa kwanza kushiriki, Lee Elder, aliingia mwaka 1975 tu. Baba mdogo alinyamaza hadi tulipofika shimo la 15, kisha akauliza huyo Jackson alibeba mfuko Masters ngapi. Nikamwambia 54. Akavua kofia.

Shimo la 16 lisikupite. Ni fupi, na kati ya kijukwaa cha kuanzia na grini kuna bwawa. Mchezaji akishapiga mpira wake wa kawaida, watazamaji huanza kupiga kelele wakimtaka aurushe juu ya maji. Husogea hadi ukingoni, anapiga chini chini, mpira unagusa maji, unaruka, unagusa tena, mara tatu, mara nne, kama kijiwe bapa cha watoto ziwani, halafu unapanda ukingo wa upande wa pili. Mingine huzama. Vijay Singh mwaka 2009 na Jon Rahm mwaka 2020 waliuingiza shimoni kwa njia hiyo. Siku ile haukuingia hata mmoja, lakini mmoja ulipanda grini ukageuka na mteremko polepole, na maelfu ya watu wakavuta pumzi pamoja.

Chakula ni nafuu kiasi cha kushangaza: sandwichi ya mayai au ya jibini yenye pilipili hoho ni dola 1.50. Ya jibini ina ladha ya kuzoea. Mimi nilikula mbili za mayai.

Anayependa ushindani asiende siku hii. Hakuna alama za kufuatilia, huwezi kujua mapema nani anaanza saa ngapi, na wengine hucheza mashimo tisa tu wakaondoka. Mchezaji niliyemtamani kuliko wote sikumwona kabisa. Vilevile grini ya 12 utaitazama kutoka ng'ambo ya kijito tu, kwa hiyo beba darubini ndogo.

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya mashindano kuanzia Juni 1 hadi 20, na unaweza kuomba hadi tiketi nne za siku ya mazoezi. Baba mdogo ameniambia safari ijayo tuombe zote nne. Ana rafiki zake wawili waliobeba mifuko pamoja naye, mmoja yuko Dallas.